Gegedu na Ligamenti za Kifundo cha Mkono: Kutibiwa Bila Kupasuliwa Maana Yake Nini

Juni 2021, katika mashindano ya Mallorca, mcheza tenisi Dominic Thiem wa Austria alipiga mpira kwa mkono wa kulia na kifundo kikamkatalia palepale. Huyu ndiye aliyekuwa bingwa wa US Open wa mwaka 2020. Vipimo vilionyesha kwamba ala ya kano iliyo upande wa kidole kidogo, yaani ganda linaloishika kano mahali pake, imebanduka. Alivalishwa gango, kifaa cha kukizuia kifundo kisipinde, akachagua kutopasuliwa, na hakurudi mashindanoni hadi Machi 2022. Mwaka 2024 alistaafu, na kifundo hichohicho alikitaja kuwa mojawapo ya sababu.

Habari za namna hii zikitoka, watu hugawanyika papo hapo. Kuna wanaosema angepasuliwa mapema yangekuwa mengine, na kuna wanaosema alirudi haraka mno. Mabishano hayohayo humkuta mtu wa kawaida aliyeteleza akajikinga kwa kiganja, akaambiwa eksirei haina tatizo, kisha miezi miwili baadaye MRI, picha inayoonyesha hata vilivyo laini ndani ya mwili, ikasema kuna mchaniko ndani. Ndugu anamwambia gegedu haliponi, akatafute daktari wa upasuaji upesi. Rafiki anamwambia atulie tu, mwili utajitibu wenyewe. Mwingine anamtumia video ya mazoezi yaliyomponya yeye.

Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na kila kipande kikitumika peke yake kinaweza kumharibia mtu mkono. Kwa hiyo niseme mapema ninachokisimamia. Swali ambalo watu huliuliza kwanza, kama kimechanika au hakikuchanika, mara nyingi siyo linaloamua tiba. Linaloamua ni kama kiungo kimetulia au kimelegea na kinacheza. Na kutibiwa bila kupasuliwa ni kazi yenye hatua, yenye vipimo na yenye mpangilio wake. Mtu aliyeambiwa "nenda kapumzike" hajaanza kutibiwa.

Vitu vyenyewe ni vipi

Kifundo cha mkono ni pale kigasha kinapokutana na kiganja. Kigasha kinaleta mifupa miwili: radiasi, ulio upande wa gumba, na ulna, ulio upande wa kidole kidogo. Kiganja kinaleta vifupa 8 vilivyopangwa safu mbili, kila safu vinne. Kwa makala hii inatosha kuvikumbuka vitatu vya safu ya kwanza, ile inayopakana na kigasha: skafoidi chini ya gumba, lunati katikati, na trikwetramu upande wa kidole kidogo.

Ligamenti ni mkanda mgumu unaofunga mfupa kwa mfupa. Kano nayo hufunga msuli kwa mfupa. Tofauti hiyo ina uzito wake hapa: msuli ukivuta, kano hubeba nguvu hiyo na kusogeza kitu, lakini ligamenti haina msuli wa kuivuta. Kazi yake ni kuzuia mifupa isiachane na kuuarifu ubongo mifupa hiyo imekaaje. Hiyo kazi ya pili tutairudia, maana ndiyo roho ya tiba yenyewe.

Gegedu liko la aina mbili ndani ya kifundo, na hapa watu wengi huchanganya. La kwanza ni lile laini, jeupe, linaloteleza, lililofunika ncha za mifupa. Halina mishipa ya damu wala ya fahamu, na likishakwanguka haliwezi kuota tena likawa kama lilivyokuwa. La pili ni gegedu la nyuzi, gumu zaidi, lililo kama diski ndogo ya pembetatu kati ya ncha ya ulna na vifupa vya kiganja. Diski hiyo imezungukwa na ligamenti zinazoifunga radiasi na ulna zisiachane, pamoja na ala ya kano ipitayo kando yake, ileile aina ya ala iliyomsumbua Thiem. Mkusanyiko wote huo kwenye karatasi ya majibu huandikwa kwa herufi nne: TFCC.

Diski ya TFCC hupata damu pembezoni tu. Eneo linalofikiwa na damu ni kati ya asilimia 10 na 40 ya sehemu ya nje, na katikati hakuna kabisa. Mchaniko wa pembezoni, ukitulizwa vizuri, unaweza kuunga. Wa katikati hauungi. Hata hivyo tundu lisiloziba na maumivu yasiyoisha ni mambo mawili tofauti: watu wengi wana tundu la katikati, maumivu yameshaondoka, na wanaufanyia mkono kazi zote. Kwa hiyo kauli ya kwamba gegedu haliponi ni kweli kwa gegedu laini, ni kweli nusu kwa diski, na haihusu ligamenti hata kidogo.

Kwa nini ligamenti ndogo hivyo inaleta shida kubwa

Safu ya kwanza ya vifupa ina jambo la ajabu. Skafoidi, lunati na trikwetramu hazina kano ya kuziendesha. Kano za misuli ya kigasha hupita juu yake na kwenda kujishikiza mbele, kwenye mifupa mingine. Vifupa hivyo vitatu ni kama mabehewa katikati ya treni: havina injini, vinasukumwa na kuvutwa na vilivyo mbele na nyuma yake. Maungio yakiwa mazima, treni ikisukumwa inanyooka relini. Ungio moja likikatika, kadiri inavyosukumwa ndivyo behewa linavyokwenda upande.

Na ndani ya safu hiyo kuna mvutano wa kudumu. Ukikunja ngumi, skafoidi hutaka kuinama kuelekea kiganjani, na trikwetramu hutaka kuinuka kuelekea mgongo wa mkono. Lunati iko katikati, imeshikwa na ligamenti pande zote mbili, na kwa kuwa inavutwa kwa nguvu zinazopingana inabaki imetulia. Ligamenti iliyo kati ya skafoidi na lunati ikikatika kabisa, skafoidi inainama peke yake, lunati inachukuliwa na trikwetramu, na pengo linafunguka kati yao. Pengo hilo likizidi milimita 3 kwenye eksirei, daktari huanza kushuku. Likiachwa kwa miaka, mifupa husuguana nje ya mahali pake na gegedu laini hulika kidogo kidogo, kwa mpangilio unaofahamika, ambao madaktari Watson na Ballet waliueleza mwaka 1984.

Upande wa kidole kidogo hesabu ni nyingine. Ukiegemea kiganja, takriban asilimia 80 ya mzigo hupita kwenye radiasi na asilimia 20 kwenye ulna, kupitia ile diski. Vipimo vya maabara vya Palmer na Werner katika miaka ya 1980 vilionyesha kwamba ulna ikirefushwa kwa milimita 2.5 tu, sehemu yake ya mzigo hupanda hadi karibu asilimia 40. Ikifupishwa kwa kiasi hicho, hushuka chini ya asilimia 5. Sasa geuza kiganja chako kitazame chini, kisha kaza ngumi. Ulna husogea mbele kidogo ikilinganishwa na radiasi. Ni kiasi kidogo mno, lakini kwa diski iliyochanika kinatosha, na ndiyo sababu mwenye jeraha hili huumia zaidi akikamua nguo, akifungua mfuniko uliokaza au akiinua sufuria kwa mkono mmoja huku kiganja kikitazama chini.

Karatasi ya MRI isomwe pamoja na mkono

Mwaka 2014 watafiti Chan, Teunis na Ring walikusanya matokeo ya tafiti nyingi za TFCC na kutazama ni wangapi walionekana na hitilafu, wawe na maumivu au wasiwe nayo. Kwa walio chini ya miaka 30 walikuwa asilimia 27. Kwa wenye miaka 70 na zaidi walikuwa asilimia 49. Maana yake ni kwamba diski huchakaa kwa umri kama nywele zinavyotoka mvi, na mchaniko unaoonekana leo huenda ulikuwapo kabla hujaanguka. Picha peke yake haiwezi kukwambia kama ndiyo inayokuuma.

Ndiyo maana mtaalamu mzuri huushika mkono kabla ya kuisoma karatasi. Atabonyeza kishimo kidogo kilicho kando ya ncha ya ulna, upande wa kidole kidogo, aone kama ndipo hasa panapouma. Atashika ncha ya ulna na kuisukuma juu na chini, kisha atafanya vilevile kwenye mkono usioumia na kulinganisha, kwa sababu kuna watu ambao viungo vyao vyote vimelegea tangu kuzaliwa. Atabana skafoidi kwa gumba lake huku akikipeleka kifundo huku na huku, ahisi kama inaruka. Vipimo hivi usijifanyie nyumbani. Vinahitaji mkono uliozoea, na skafoidi iliyolegea haina haja ya kusukumwa zaidi.

Kuna hali ambazo mazoezi si pa kuanzia, nazo nataka zisomwe polepole. Ligamenti ya skafoidi na lunati iliyokatika kabisa kwa ajali na pengo likaonekana: hii inamhitaji daktari wa upasuaji wa mkono katika wiki chache za mwanzo, kwa kuwa ncha zake zikishasinyaa kuziunganisha kunakuwa kugumu. Ulna inayoruka waziwazi kigasha kinapogeuzwa. Kifundo kilichopinda umbo. Ganzi ya gumba na vidole vya jirani baada ya kuanguka. Kifundo chenye joto na uvimbe pamoja na homa, bila ajali yoyote. Na maumivu katika kile kishimo kinachojitokeza chini ya gumba unapolinyoosha, hata kama eksirei ya siku ya kwanza ni safi. Skafoidi iliyovunjika inaweza isionekane mwanzoni, hivyo hufungwa na kupigwa picha tena baada ya siku 10 hadi 14. Damu yake huingia kutokea upande wa mbali wa mfupa, na ikivunjika ikapuuzwa, kipande kimoja kinaweza kufa.

Kutuliza, ila kwa muda wenye mwisho

Ikiwa kiungo kimetulia, hatua ya kwanza ni kukikinga. Hapa ndipo gango linapoingia, yaani kifaa cha plastiki au kitambaa kigumu kinachozuia kifundo kisipinde. Kwa mchaniko wa TFCC muda wa kawaida ni wiki 4 hadi 6. Lakini gango fupi la kifundo halizuii kigasha kugeuka, na kugeuka ndiko kunakoivuta TFCC. Mtu ambaye ulna yake imelegea kidogo anahitaji gango linalozuia mgeuko, linalopanda hadi karibu na kiwiko au kukivuka. Wengi hununua mkanda wa kifundo dukani, wanauvaa miezi mitatu, kisha wanasema gango halikusaidia, na kumbe lililovaliwa halikuwa la jeraha lao.

Angalia pia linapoishia. Gango zuri hukoma kabla ya mkunjo wa kiganja ulio chini ya vidole, ili vidole vyote vifunge ngumi na gumba lifike kwenye ncha ya kidole kidogo. Likifunika mkunjo huo, vidole hukakamaa na mtu anatoka na tatizo jipya. Katika wiki hizo vidole, kiwiko na bega vinafanyishwa kazi kila siku, na mkono huinuliwa juu ya usawa wa moyo kila unapovimba.

Kwa nini lisivaliwe hadi maumivu yaishe kabisa? Kwa sababu kiungo kisichosogea hukakamaa, misuli hunyauka, na ubongo hupoteza habari za mahali kilipo. Nimesikia mara nyingi ushauri wa kungoja hadi pasiume hata chembe ndipo mtu aanze kusogeza. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, na huwapotezea watu mkono uliokuwa ukielekea kupona.

Kukifundisha kifundo kuhisi

Kwa miaka mingi ligamenti ilionekana kuwa kamba tu. Kazi za daktari Elisabet Hagert wa Sweden, pamoja na wenzake, zilisaidia kubadili mtazamo huo. Ndani ya ligamenti za kifundo, hasa sehemu ya nyuma ya ile ya skafoidi na lunati, kuna ncha nyingi za mishipa ya fahamu. Ligamenti ikivutwa ghafla, ncha hizo hupeleka taarifa na misuli hujikaza kukilinda kiungo, kabla mwenye mkono hajawaza lolote. Jeraha la ligamenti ni jeraha la nguvu na pia la hisia. Hii ndiyo sababu mtu hulalamika kwamba mkono unamwangusha, vitu vinamponyoka, ingawa ukimpima ngumi ana nguvu ya kutosha.

Mazoezi ya kurudisha hisia hiyo yanaonekana ya kitoto, na kwa bahati mbaya ndiyo yanayorukwa kwanza. Moja huenda hivi. Mgonjwa anafumba macho. Mtaalamu anakipeleka kifundo chake kwenye pembe fulani, anakishikilia kidogo, anakirudisha. Kisha mgonjwa mwenyewe anakirudisha palepale bila kutazama, na tofauti inapimwa kwa kipima pembe. Mkono mzima hufika karibu sana na pale. Uliojeruhiwa hupita au hufika nusu, na mwenyewe huapa kwamba amefika.

Jingine linahitaji gololi na sahani yenye kingo. Sahani inashikwa kwa mkono ulioumia, kiwiko kimebanwa ubavuni, na gololi inazungushwa polepole kufuata ukingo, upande mmoja kisha mwingine. Mwanzoni gololi hukimbia na kugonga, bega linainuka kusaidia, na kigasha kinachoka baada ya dakika mbili. Ukiona gololi inazunguka kwa mwendo mmoja bila bega kuingilia, misuli midogo inayokizunguka kifundo imeanza kufanya kazi kwa zamu tena. Uzito wake ni mdogo mno, hivyo hufaa mapema kabla ya mzigo wowote.

Msuli wa kumsaidia mmoja humdhuru mwingine

Tulisema vifupa vya safu ya kwanza havina misuli yake. Lakini misuli inayopita juu yake, ikikazwa vizuri, inaweza kuvibana mahali pake na kufanya sehemu ya kazi ya ligamenti iliyolegea. Swali ni misuli ipi.

Marc Garcia-Elias, daktari wa mkono wa Barcelona, pamoja na Guillem Salvà-Coll na Hagert, walichunguza jambo hili kwenye maabara kwa kuvuta kano moja moja na kutazama vifupa vinaelekea wapi. Waliona kwamba msuli unaoinua kifundo upande wa gumba, ule unaolitanua gumba, na ule unaokunja kifundo upande wa gumba na kupitisha kano yake mbele ya skafoidi, huisaidia ligamenti ya skafoidi na lunati. Msuli unaoinua kifundo upande wa kidole kidogo hufanya kinyume: ukivuta peke yake, huligeuza eneo hilo kwa namna inayofungua pengo.

Sasa msuli huohuo, ukienda kwa mtu mwenye jeraha la TFCC, ni mlinzi wake. Kano yake hupita ndani ya ile ala iliyo sehemu ya TFCC na huituliza ncha ya ulna. Mwenzake ni msuli mfupi wa mraba uliolala ndani kabisa ya kigasha karibu na kifundo, unaozibana radiasi na ulna. Huo hufanyishwa kazi kwa kukunja kiwiko, kukibana ubavuni, na kujaribu kukigeuza kiganja chini huku mkono mwingine ukizuia, pasiwe na kinachosogea. Mgonjwa anaanza kwa nguvu ndogo, sekunde 5 hadi 10, anaachia.

Kwa hiyo yule rafiki aliyetuma video alikuwa na nia njema, lakini zoezi lililomjenga yeye linaweza kumfungulia mwenzake pengo. Hili ndilo jambo moja ambalo ningependa msomaji mwenye kifundo kinachouma alishike kuliko mengine yote: jua jeraha lako liko upande gani kabla hujaiga zoezi la mtu.

Kwa jeraha la skafoidi na lunati lisilo kamili, kuna mwendo unaopendelewa kuanzia: kifundo kinatoka nyuma upande wa gumba na kushuka mbele upande wa kidole kidogo, mwendo uleule wa mtu anayepiga msumari. Kwenye njia hiyo ya mshazari, sehemu kubwa ya msogeo hutokea kati ya safu ya kwanza na ya pili, skafoidi na lunati zikiwa hazisogei sana. Mkono unapata kusogea, ligamenti haivutwi. Ligamenti iliyokatika kabisa haina faida hiyo, na mwendo huu usitumike hapo bila mtaalamu.

Mzigo, na mizani mezani

Maumivu yakishapungua na mwendo ukirudi, inabaki kazi ndefu kuliko zote: kuurudishia mkono uwezo wa kubeba. Kwa kawaida hatua zote huchukua kati ya miezi 3 na 6, na watu wengi huvunjika moyo katikati, pale ambapo maumivu ya kila siku yameisha lakini kujiinua kutoka kitini bado kunachoma.

Kipimo kinachosaidia hapo ni mizani ya kawaida ya kujipimia uzito. Iweke juu ya meza imara. Simama, nyoosha kiwiko, weka kiganja katikati, na ukandamize polepole hadi maumivu yanapoanza kujitokeza. Soma kilo, achia. Fanya hivyo kwa mkono mwingine. Anayeanza huenda akafika kilo 10 upande ulioumia na 35 upande mzima. Akipima mara moja kwa wiki na kuandika, ataona namba inapanda hata katika wiki ambazo yeye mwenyewe hahisi tofauti. Na ikishuka, atajua amezidisha kabla kifundo hakijavimba. Kipimo hiki hufaa zaidi kwa maumivu ya upande wa kidole kidogo, na hakifanywi ndani ya wiki za gango.

Kutoka hapo mzigo hupanda kwa ngazi. Kusukuma ukuta, kisha ukingo wa meza, kisha sakafu. Kushika nyundo karibu na kichwa chake na kugeuza kigasha taratibu, halafu wiki kwa wiki mkono unasogea kuelekea mwisho wa mpini, ambako uzito huohuo unavuta zaidi. Ngumi hupimwa kwa kifaa maalumu na kulinganishwa na mkono wa pili, kwa kukumbuka kwamba mkono utumikao zaidi huwa na nguvu zaidi kidogo kuliko mwenzake.

Maumivu wakati wa zoezi hayana budi kusomwa, yasipuuzwe wala yasitishe kupita kiasi. Kwenye kipimo cha sifuri hadi 10, kufika 2 au 3 na kutulia kabla ya kesho yake asubuhi ni kawaida. Yakivuka hapo, au kifundo kikaamka kimevimba, punguza ngazi moja, usiache kabisa.

Mambo mengine yanayosemwa

Kifundo kulia "ka" bila maumivu si dalili ya hatari. Kulia pamoja na maumivu, au pamoja na kuhisi kitu kimeruka, kunahitaji kupimwa.

Kuvutwa kwa nguvu ili mfupa urudi mahali pake ni hatari kwelikweli kwa jeraha hili. Ligamenti iliyolegea haina mfupa wa kurudisha. Ina nyuzi zilizobaki ambazo mvutano unaweza kuzimaliza. Kukandwa taratibu misuli ya kigasha iliyokaza hakuna ubaya, mradi kifundo chenyewe kisipindwe.

Sindano ya steroidi hupunguza uvimbe na inaweza kumpa mtu wiki kadhaa za nafuu. Haiungi kilichochanika, na zikirudiwa mara nyingi hudhoofisha nyuzi. Ikitumika, itumike kufungua nafasi ya mazoezi. Vidonge vinavyouzwa kwa ahadi ya kuotesha gegedu jipya havijathibitishwa kuliotesha, kwa bei yoyote ile.

Na kwa mtu ambaye gegedu lake laini limeshakwanguka, lengo ni tofauti na lisifichwe. Mazoezi hayatalirudisha. Yanaweza kupunguza maumivu, kuongeza nguvu ya kushika, na kumfundisha kubeba vitu kiganja kikitazama juu au gumba likiwa juu, pale ambapo ulna haisukumi. Kwa wengi hiyo inatosha kuishi na kufanya kazi vizuri.

Ikiwa miezi imepita, mazoezi sahihi ya upande sahihi yamefanywa kwa uaminifu, na kilo za mizani zimegoma palepale, hapo ndipo mazungumzo na daktari wa upasuaji yanapofaa kufunguliwa upya. Huenda akaingiza kamera ndogo ndani ya kiungo aone mchaniko kwa macho, akasafisha ukingo ulioning'inia, akashona wa pembezoni, au, kama ulna ni ndefu, akaifupisha kwa milimita chache. Aliyefika huko akiwa ameshafanya kazi ya utengamao, yaani hii ya kuurudishia mkono uwezo wake, anaingia na misuli iliyo hai na anajua tayari nini kinamwuma na nini hakimwumi. Baada ya upasuaji atarudia mpangilio uleule: gango kwanza, kisha hisia, kisha misuli, kisha mzigo, na gololi itazunguka tena kwenye sahani.